Mwatiko hawakui: tafuta chanzo kabla ya kununua gunia jingine la chakula

Simu ninazopigiwa na wafugaji wa samaki kwenye mahori (mikono ya bahari iingiayo nchi kavu) ya pwani ya Kenya, kuanzia Gazi hadi Mida, huanza kwa maneno yaleyale: samaki hawakui. Sijajibu bado, la pili limeshafuata: tuwape chakula gani?

Hilo la chakula mimi huliweka mwisho. Mwatiko hudumaa kwa sababu nyingi, na chakula cha gunia ni dawa ya sababu moja au mbili tu. Nimewahi kukuta kikundi cha akina mama kimechangishana pesa za wishwa (pumba, kama wasemavyo wenzetu wa Tanga) miezi mitatu mfululizo, na kumbe shida ilikuwa tindikali kwenye tope la bwawa. Pesa zile ziliniuma kana kwamba zimetoka mfukoni mwangu. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu: ukianza na dalili, ukamsoma samaki mwenyewe, chanzo hujitokeza kabla hujafungua pochi.

Vifaa si vingi. Mizani ya gramu, rula iliyopigiliwa kwenye ubao, kimia, beseni, kisu kikali, karatasi za kupimia pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka tindikali imezidi), na kipima chumvi kama kikundi kinacho au kinaweza kuazima. Na daftari. Bwawa lisilo na daftari ni vigumu kulitibu.

Mjue unayemfuga

Mwatiko, ambaye wataalamu humwita Chanos chanos, hutaga baharini, mbali na mikoko. Kifaranga cha wiki mbili tatu, urefu wake sentimita moja na nusu hivi, huletwa ufukweni na kuingia mahorini na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Humo hukaa na kukua, kisha hurudi baharini, akakomaa baada ya miaka kama 5. Kwa hiyo bwawani hazai. Ukiona samaki wadogo wanaongezeka ndani ya bwawa lako, hao si watoto wa mwatiko, na hiyo tayari ni dalili ya tatizo jingine nitakalolifikia.

Hana meno. Mdomo wake ni mdogo, na chakula chake cha asili ni ule utando laini wa kijani na kahawia unaotanda juu ya tope, mchanganyiko wa vimwani visivyoonekana kwa jicho, bakteria na wadudu wadogo waishio ndani yake. Wafilipino, ambao wamemfuga samaki huyu kwa karne nyingi, wanauita lab-lab, na mfugaji wa kule hujiona mkulima wa utando kwanza, samaki baadaye. Sisi tumejifunza kuchimba bwawa na kununua vifaranga; kulima utando bado hatujakutilia maanani, na naamini hapo ndipo mabwawa yetu mengi yanapokwama.

Pima, na upime samaki wanaostahili kupimwa

"Hawakui" si kipimo. Samaki akirefuka maradufu, uzito wake huongezeka karibu mara nane: wa sentimita 10 ana kama gramu 10, wa sentimita 20 ana kama 80. Jicho huona urefu, kwa hiyo mwezi ambao samaki wameongeza uzito vizuri unaweza kuonekana kama mwezi wa hasara. Kinyume chake pia hutokea: samaki wanarefuka polepole huku nyama ikiisha mgongoni, na mwenye bwawa anaona mambo ni mazuri.

Mwatiko ni mwoga. Akibanwa anaruka, magamba yanabanduka, na aliyepoteza magamba siku ya jua kali mara nyingi hafiki jioni. Pima saa mbili au saa tatu asubuhi: hewa imeanza kurudi majini na jua halijawa kali. Njia nzuri ya kuwakusanya ni kufungua mlango wa bwawa wakati bahari inajaa. Mwatiko hupenda kuogelea akikabili maji mapya yanayoingia, basi watajazana penye mkondo na utawapata kwa kimia bila kulikoroga bwawa zima. Weka chandarua mlangoni asitoke samaki.

Usitupe kimia mahali pa kulishia. Wanaofika kwanza kwenye chakula ni wakubwa na wenye nguvu. Ukipima hao utaandika daftarini bwawa lisilokuwepo. Chukua 30, wa pande tofauti, na usimchague yeyote.

Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia. Ncha zenyewe za mkia huvunjika, na wiki hii utapata sentimita 22, wiki ijayo 21. Kisha piga hesabu hii kwa kila samaki: uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawa kwa urefu × urefu × urefu. Watafiti huiita K, na inakwambia samaki amejaa kiasi gani kwa urefu wake. Samaki wa sentimita 20 mwenye gramu 84 ana K ya 1.05. Mwenzake wa urefu uleule mwenye gramu 66 ana 0.83. Rula haitawatofautisha, lakini ukiwashika mkononi utaona: wa pili kichwa kinaonekana kikubwa na mgongo una makali kama ubapa wa panga.

Usilinganishe K yako na ya bwawa la mwingine aliyepima kwa mtindo wake. Linganisha mwezi na mwezi, bwawa lako kwa bwawa lako.

Sasa una namba mbili, urefu na K, na ukizisoma pamoja zinakuelekeza. K imeshuka, urefu bado unaongezeka kidogo: njaa ya karibuni. K ni nzuri lakini urefu hausogei: samaki wameshiba ila kuna kinachowazuia, au walishadumaa kabla hujawanunua. Vyote viwili vimesimama: angalia maji kabla ya chakula.

K imeshuka: pasua tumbo, lakini kwa saa yake

Chukua samaki 4 au 5 uwapasue. Saa ndiyo muhimu hapa. Mwatiko hula mchana, na hasa kuanzia jua linapokuwa juu hadi alasiri, usiku hali. Niliwahi kufika kwenye bwawa saa kumi na mbili asubuhi nikakuta vijana wamepasua samaki kumi, matumbo matupu yote, na wameshaagiza chakula. Hata samaki aliyeshiba vizuri jana angekuwa na tumbo tupu saa ile. Pasua saa tisa alasiri.

Utumbo wa mwatiko umekunjamana, mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, na mbele kuna sehemu nene ya misuli kama firigisi ya kuku. Ukanyooshe juu ya sahani nyeupe, ukamue, utazame.

Ukikuta rojo laini la kijani na kahawia linaloteleza kama bamia, samaki anakula utando, na huo ndio ushibe halisi. Ukikuta nyuzi ndefu za kijani zimetoka kama zilivyoingia, utando umekwisha na samaki wameanza kula mwani wa nyuzinyuzi, ambao mwatiko mdogo hausagi vizuri mpaka uwe umelainika kwa kuoza. Ukikuta mchanga na tope jeusi, hao wana njaa: wanakwangua sakafu tupu. Hapa kuwa mwangalifu ikiwa umechanganya na mkizi. Tumbo la mkizi kuwa na mchanga ni jambo la kawaida, yeye humeza tope na kuchuja. Mwatiko huchuna juu juu, na mchanga mwingi tumboni mwake ni malalamiko.

Angalia pia mafuta. Samaki aliyekuwa akila vizuri wiki kadhaa zilizopita huwa na mafuta meupe yaliyong'ang'ania utumbo. Tumbo tupu lenye mafuta maana yake njaa ni ya siku chache, labda tangu mvua ya wiki iliyopita. Tumbo tupu na utumbo umekauka kama uzi, bila hata doa la mafuta, njaa hiyo ni ya mwezi au zaidi.

Tumbo likishasema njaa, uliza: utando ulienda wapi?

Utando haushiki: tope lenye tindikali

Hili ndilo tatizo ninaloliona zaidi na linalotambuliwa kwa shida zaidi. Tope la mikokoni lina salfa iliyofungamana na chuma. Likikaa chini ya maji halina neno. Likichimbuliwa na kuanikwa juani, hewa inaligeuza kuwa tindikali ya salfa, ileile ya betri ya gari. Tindikali hiyo hushusha pH, na chuma kinachofumuka nayo kinaikamata fosfati, kirutubisho cha samadi unayomwaga, vimwani visipate kitu. Unatia mbolea, bwawa linabaki tupu.

Dalili zake huonekana bila kipimo. Tuta lina rangi ya kutu. Kwenye mipasuko ya udongo mkavu kuna madoa ya manjano hafifu. Maji ni mang'avu mno, unaona sakafu yote kama glasi, na watu wanasifia usafi wake. Na mvua ya kwanza ikinyesha, samaki wachache hufa kando ya tuta, kwa sababu maji ya mvua yameosha tindikali ya juu ya tuta yakaiingiza bwawani. Tia karatasi ya pH kwenye maji ya kando ya tuta mara tu baada ya mvua. Ikisoma chini ya 6, umelipata jibu.

Bwawa la wale akina mama lilikuwa hivyo hasa. Nilipofika mwenyekiti wao, mtu mzima anayeweza kunizaa, alikuwa amekaa juu ya tuta amekunja leso miguuni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaninyooshea mwatiko mkononi mwake. "Mwanangu, huyu ana miezi mitano. Mtazame mgongo." Tulimpima: sentimita 18, gramu 48. K ya 0.82. Utumbo wake saa tisa ile ulikuwa na wishwa kidogo, na nyuma yake mchanga mtupu. Nilichukua donge la udongo wa tuta nikalivunja, ndani kulikuwa na mishipa ya manjano. Nikamwambia, "Mama, samaki hawana ugonjwa. Udongo ndio unaoumwa."

Tiba ni kusuuza kabla ya chokaa. Jaza bwawa maji ya bahari, yaache siku kadhaa, pima pH, yamwage yote bahari ikipwa. Anika sakafu, jaza tena, mwaga tena. Mara tatu au nne, kwa kufuata bamvua. Maji ya bahari yenyewe yana uwezo wa kuzimua tindikali, na anayeanza na chokaa analipia kazi ambayo bahari ingeifanya bure. Baada ya hapo ndipo utie chokaa ya kilimo, kama gramu 100 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, na usisahau kumwagia juu ya tuta na ubavuni mwake, kwa maana huko ndiko tindikali mpya inakotoka kila mvua. Samadi uitie kidogo kidogo kila wiki mbili badala ya mara moja, ili chuma kisiimeze yote.

Bwawa likiwa na samaki tayari huwezi kulikausha. Basi badilisha maji kwa wingi kila bamvua, mwagia tuta chokaa, na kazi kubwa uiache hadi baada ya kuvuna. Na anayetaka kuchimba bwawa jipya achimbe kwenye uwanda mtupu wa chumvi nyuma ya mchu (aina ya mkoko), pasipo na miti. Kukata mikoko ni kuharibu kitalu alikotoka kifaranga chenyewe, na huko kwenye mizizi ndiko tope la tindikali lilikojaa zaidi.

Utando ulikuwepo, ukaelea, ukaoza

Hii ni ya masika. Mvua kubwa ikinyesha, maji baridi yanakaa juu na ya chumvi yanabaki chini, kwa sababu ya chumvi ni mazito. Hewa haishuki, joto linabanwa chini, utando unabanduka vipande vipande kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, unaelea na kusukumwa pembeni na upepo. Siku tatu baadaye unanuka. Mwatiko wanapoteza chakula na hewa kwa mkupuo mmoja.

Wahi kabla. Mvua ikikaza, toa mbao za juu za mlango ili maji ya mvua yatoke kwa juu, ya chumvi yabaki. Wanaotumia bomba badala ya mlango wa mbao wafunge kiwiko kinachoweza kulazwa hadi usawa wa uso wa maji. Utando ulioelea uopolewe kwa tandilio au kikapu siku hiyohiyo. Chumvi ikishuka sana kwa muda mrefu, utando hushindwa na mwani wa nyuzinyuzi huchukua nafasi. Ukiona bwawa lina nywele za kijani, hiyo ndiyo historia yake.

Kuulima upya: anika sakafu mpaka ipasuke, tia samadi ya kuku iliyokauka gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, ingiza maji yasiyozidi kina cha kiganja, subiri. Baada ya siku chache sakafu inaanza kuteleza na kubadilika rangi. Ongeza maji polepole, wiki hadi wiki, mpaka sentimita 30 au 40. Ukiharakisha kina, mwanga haufiki chini. Acha mfereji mmoja wenye kina zaidi upande mmoja, samaki wajifiche humo jua la mchana.

Utando upo asubuhi, jioni hakuna: midomo imezidi

Bwawa linalotegemea chakula cha asili peke yake hubeba samaki 2,000 hadi 3,000 kwa hekta, yaani mmoja kwa kila mita tatu hadi tano za mraba. Nimekuta wanne kwa mita moja. Vifaranga vilipatikana vingi siku ya bamvua nzuri, na mtu akaona haya kuviacha. Hao kuwalisha wote utafilisika. Gawa, uza vifaranga kwa jirani, au wahamishe kwenye bwawa jingine.

Midomo mingine hukuibia bila wewe kuihesabu. Perege huingia na maji mlangoni akiwa mdogo kama punje ya mchele, huzaa bwawani, na hula utando uleule. Baada ya miezi minne una samaki wengi kuliko uliowapanda, na mwatiko wako ni wembamba. Hii ndiyo ile dalili ya wadogo wanaoongezeka. Tanda mlangoni wavu wa matundu madogo kama chandarua, maradufu, uukague kila maji yanapoingia, maana kaa huutoboa. Perege wakishajaa, kimia hakitawamaliza. Bwawa likaushwe mpaka vidimbwi vya mwisho, na hivyo vidimbwi vimwagiwe chokaa.

Wamejaa vizuri, ila ni wafupi

K ni nzuri, tumbo lina rojo la kijani, na bado samaki wa miezi mitano ni sawa na wa miezi mitatu. Anza kuuliza walikotoka. Kifaranga kilichokaa muda mrefu kwenye kidimbwi kilichobanana kabla ya kuuzwa kwako kinakuja kikiwa na umri mkubwa na mwili mdogo. Usikate tamaa. Wafilipino huwadumaza vifaranga kwa makusudi, wakawaweka hata mwaka mzima kwenye bwawa dogo, kwa sababu mwatiko aliyedumaa hivyo akipata nafasi na chakula hukua kwa kasi na kufidia. Mpe miezi miwili ya utando mzuri kabla ya kumhukumu.

Pili, msimu. Mwatiko hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 32. Kusi la Julai na Agosti likivuma, bwawa la kina kifupi hupoa usiku na samaki hupunguza kula. Hapo kuongeza chakula ni kukizamisha kioze. Punguza, ngoja Septemba.

Tatu, chumvi. Mwatiko ni hodari, anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi na kwenye maji yenye chumvi maradufu ya bahari. Kuishi na kukua ni mambo mawili. Kaskazi, mlango usipofunguliwa wakati wa maji mafu (yasiyojaa sana), jua hukausha na chumvi hupanda. Februari moja nilisoma 52 (gramu za chumvi kwa lita) kwenye bwawa ambalo bahari yake ilikuwa 35. Samaki wale walikuwa hai na wachangamfu, lakini nguvu zao zilikuwa zinakwenda kwenye kutoa chumvi mwilini. Chumvi ikipita 45, maji mapya ndiyo chakula cha kwanza.

Tumbo limejaa wishwa, mwili haupandi

Hapa sasa ndipo chakula kinapohusika. Wishwa wa mahindi peke yake ni wanga na nyuzi. Samaki anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30. Samaki wa wishwa utamjua: tumbo la mviringo, mafuta meupe tele ndani, nyama kidogo. K yake inaweza hata kukudanganya, kwa kuwa mafuta nayo yana uzito. Changanya wishwa na mashudu ya nazi au ya alizeti, na dagaa au uduvi waliosagwa. Nusa gunia kabla ya kununua. Pumba za mpunga zikikaa mafuta yake huchacha, na mashudu yaliyoota kuvu yana sumu. Bei ya chini haiyafanyi kuwa chakula.

Lisha kwa uzito wa samaki, siyo kwa kopo. Bwawa lenye samaki 1,000 wa wastani wa gramu 80 lina kilo 80 za samaki. Kwa asilimia 4 ni kilo 3.2 kwa siku, zigawe mara mbili, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Anayelisha alfajiri kabla ya kwenda kazini analisha sakafu. Simama upande upepo unakotoka, la sivyo chakula chote kitasukumwa kwenye kona moja wakile wakubwa.

Na hilo ndilo jibu la wale wanaoniambia wana majitu matatu na vijiti mia. Ama chakula kinaangukia mahali pamoja, ama vifaranga vya bamvua mbili tatu vilichanganywa. Watenge kwa ukubwa wakati wa kupima.

Alfajiri wanahema juu

Ukifika saa kumi na moja alfajiri ukawakuta midomo juu ya maji, hewa imekwisha. Mimea ya bwawa hutengeneza hewa mchana na kuivuta usiku, na tope lenye chakula kilichooza huvuta zaidi. Samaki aliyeshindwa kupumua usiku hali vizuri mchana, hivyo K hushuka huku chakula kipo tele. Acha kulisha siku mbili, acha samadi kabisa, ingiza maji mapya bahari ikijaa. Kama bahari imepwa, tikisa maji kwa ndoo na makasia mpaka jua lichomoze; ni kazi ya kuchosha, lakini imeokoa mabwawa.

Wanapungua

Ukipima na namba za kimia zinazidi kuwa ndogo, tafuta mlaji. Chewa mmoja aliyeingia mdogo anatosha kumaliza mamia. Kuna pia samaki mwembamba wa fedha, mkia wa panda, anayeuzwa kati ya vifaranga vya mwatiko kwa kutojua, mfunue mdomo. Ukipasuka kupita nyuma ya jicho, si mwatiko, ni mla nyama. Mnandi na yangeyange utawaona mwenyewe mchana. Vuta kamba juu ya maji kuwazuia. Kaa koko hali samaki wengi, kazi yake ni kutoboa tuta, na samaki hutoka na maji yanayovuja.

Bwawa la wale akina mama lilivunwa kwa sehemu, likasuuzwa mara nne kwa kufuata bamvua, likatiwa chokaa, na samaki waliobaki kwenye bwawa dogo la pembeni wakarudishwa juu ya utando wa wiki tatu. Wishwa ulisimamishwa kabisa. Wiki ya tano baada ya hapo mwenyekiti alinipigia akanisomea daftari kwa sauti, samaki mmoja mmoja, thelathini wote. Wa katikati alikuwa na sentimita 20.5, gramu 84. K ya 0.98. Akaniuliza kama mwezi ujao wapime tena saa tatu ileile, kwa kuwa maji ya bamvua siku hiyo yatajaa mapema zaidi. Nikamwambia wafuate maji, waandike saa.